Sindano Sitini na Kitabu cha Polepole

Kama leo asubuhi umeambiwa una tebese, yaani kifua kikuu, na sasa umekaa kwenye benchi la hospitali na karatasi mkononi ambayo hutaki kuisoma mara ya pili, nakuandikia wewe. Mimi si daktari. Ni karani wa mizigo kwenye gare, stesheni ya treni, ya Kolwezi. Naandika anwani kwenye vibao vya karatasi na kuvifunga kwa kamba kwenye magunia na masanduku, ili kila kitu kishuke pale kinapotakiwa. Mambo ya vijidudu waulize wenye makoti meupe. Mimi naweza kukueleza jinsi ya kungoja, na naweza kukueleza kosa nililolifanya ili wewe usilifanye.

Nilianza kukohoa mwezi wa sita, wakati wa baridi. Miezi ile Kolwezi yote inakohoa, kwa vumbi la mgodi na kwa moshi wa babula, majiko ya mkaa, katika nyumba zilizofungwa madirisha, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mke wangu Mujinga alinichemshia majani ya mkaliptusi. Kaka yangu mkubwa Kasongo alinishauri niache sigara, ingawa maisha yangu yote sijawahi kuvuta hata moja. Mwezi wa nane suruali zilianza kunitoroka kiunoni. Nilitoboa mkanda kwa msumari tundu la pili, la tatu, la nne, na usiku nililowesha shuka kwa jasho kama mtu aliyelala nje kwenye mvua.

Shangazi yangu Numbi alikuwa anaishi kwetu. Ni dada mdogo wa baba. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitano, na Shangazi, ambaye hakujaliwa kuzaa, alinilea kule Manono mpaka nilipoingia shule ya bweni. Alipofiwa na mume wake nilimleta Kolwezi akae nasi. Alikuwa anatengeneza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, na kila jioni aliniwekea wangu peke yangu katika kikombe cha bati chenye kifuniko. Ndiyo njia yake ya kumpenda mtu, anamtengea kitu.

Kikombe hicho ndicho kilichomponza. Kasongo aliuliza kwa nini mimi tu ndiye ninayewekewa kando. Aliuliza tena kwa nini mimi nakonda na Shangazi ananenepa. Shangazi hakuwa amenenepa, alikuwa anavaa vikwembe, yaani vitenge, viwili kwa sababu ya baridi, lakini ukishaanza kumtafuta mwenye hatia hata nguo zinatoa ushahidi. Kwetu mtu akiugua muda mrefu, swali la kwanza huwa si ugonjwa gani. Huwa ni nani.

Mwezi wa tisa, jua likiwaka na nyika zikiungua kila upande, jamaa walikaa sebuleni kwangu: Kasongo, mke wangu, na wazee wawili wa upande wa baba.

"Muntu hakonde bule," Kasongo alisema. "Kuko mwenye eko anamukula."

Shangazi hakubishana nao. Alinigeukia mimi. "Na weye, Ilunga? Unasema nini?"

Nilitazama sakafu. "Mi niko mugonjwa, shangazi. Bakubwa bamesha kusema."

Kesho yake, akiwa amefukuzwa kama mchawi, alikuja gare na mzigo wake, anakwenda Fungurume kwa mpwa wake anayeuza samaki wakavu sokoni. Mimi ndiye niliyekuwa kazini. Niliandika FUNGURUME kwenye kibao, nikakifunga kwenye mzigo wa mama aliyenilea, nikamkatia kipande chake cha karatasi kama abiria mwingine yeyote. Mwandiko wangu ulinyooka kama siku zote. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wiki tatu baada ya Shangazi kuondoka, na mimi sijapata nafuu yoyote, mvua ya kwanza ilinyesha. Siku hiyo nilikohoa damu juu ya vibao vyangu, na mkubwa wangu wa kazi alinipeleka hospitali yeye mwenyewe, akitembea hatua tatu mbele yangu.

Sasa nikueleze kuhusu kungoja. Fika mapema, chukua kiti karibu na mlango, beba karanga, na ujue jina lako. Nasema hivyo kwa sababu zamani zile tulikuwa tumekwisha kuacha majina ya ubatizo kwa amri ya serikali, na mimi niliandikishwa kwa jina la babu yangu ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniita. Nilikaa kwenye benchi tangu alfajiri. Mara tatu niliwasikia wakiita "Sitoyen Banza", yaani Mwananchi Banza, na mara tatu nikamsikitikia huyo Banza aliyekosa zamu yake. Saa sita mchana infirmier, muuguzi aliyeitwa Tata Kalala (tata kwetu ni baba), alitoka nje akatusoma nyuso mmoja mmoja, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Banza ni mimi.

Walichukua makohozi yangu katika kikopo kidogo. Jibu lilipokuja Tata Kalala aliniuliza maswali huku akiandika.

"Mu nyumba yenu, nani alianza kukohola?"

"Ni mi."

"Na mwengine eko anakohola?"

"Hapana. Hakuna."

Watoto wetu wawili walipimwa pia na wakakutwa wazima. Nilishusha pumzi. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Niliandikiwa sindano sitini, moja kila asubuhi, nikiwa nimelazwa, halafu vidonge vya miezi kumi nyumbani. Usiogope hesabu hiyo. Sindano ya kwanza utaikumbuka, ya ishirini hutaikumbuka. Leo wanachoma upande wa kulia, kesho kushoto, na wewe unajifunza kukaa kiupandeupande kama mtu anayesikiliza jirani. Dawa ile ilinipigia kengele masikioni mchana kutwa, na sakafu ilikuwa inainama kila nilipotaka kwenda msalani, hata nikawa natembea kwa kushika ukuta. Lakini juma la tatu njaa ilirudi. Nilimaliza bukari nzima, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikalamba vidole, na Mujinga alilia mbele ya wagonjwa wote kwa furaha. Ikifika kwako siku hiyo, ishike vizuri moyoni, maana siku mbaya zitakuja nyuma yake na utaihitaji.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Tata Ramazani, dereva wa kamyo, lori la mizigo, kati ya Kolwezi na Dilolo. Wazazi wake walitoka Maniema, Waislamu wa biashara, na yeye alikuwa anasali akiwa ameketi kitandani kwa sababu sakafu yake pia ilikuwa inainama. Alikuwa na sindano mbele yangu kwa siku nne tu, akajifanya mwalimu wangu. Alikuwa mcheshi, na mtu mcheshi katika wadi ya kifua ni dawa, isipokuwa kucheka kunaleta kikohozi.

Siku moja nilimwomba Mujinga aniletee kitu cha kusoma. Alifungua sanduku langu la shule akanitolea kitabu nilichopewa zawadi nikiwa na miaka kumi na mitatu.

"Ni ile yenye ulinisimuliaka zamani," alisema. "Ya muloji wa moto." Muloji kwetu ni mchawi.

Kilikuwa kitabu cha Kifaransa cha vijana, kinene, bado kimevaa karatasi ya mfuko wa simenti. Shangazi ndiye aliyekivika. Yeye hajui kusoma hata herufi moja, lakini vitabu vyangu vyote vya bweni alivifunika na kuvishona pembeni kwa uzi mweusi, akisema kitabu kisitembee uchi. Nilipoona ule uzi nilikigeuza kikae kifudifudi, nikakaa siku mbili bila kukifungua.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mji wa milimani ambako kila nyumba ina moto wake uliorithiwa toka kwa mababu, moto usiozimika wala kuhitaji kuni. Mtu anaanza kuiba mioto hiyo. Usiku mmoja unatoweka wa nyumba ya mwokaji mikate, juma lijalo wa nyumba ya mkunga. Binti wa mlinzi wa lango, wa miaka kumi na minne, anajipa kazi ya kumtafuta mwizi. Anakwenda nyumba hadi nyumba na taa yake mkononi, anauliza: mlipika nini, nani alipita, nani alikaa karibu na moto. Kila nyumba maswali yaleyale. Sura kumi na moja za maswali yaleyale! Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilizichukia. Niliruka mpaka pale watu wanapomkamata bibi mmoja anayeishi peke yake, anayezoa majivu ya jikoni za watu na kutengeneza sabuni. Wanamtoa nje ya lango. Nikafunga kitabu nikiwa nimeridhika. Shule nzima niliihadithia kwamba mwizi ni bibi wa majivu, na miaka mingi baadaye nilimhadithia Mujinga hivyohivyo wakati namchumbia.

Katika wadi sikuweza kuruka. Dawa ilikuwa inachezesha mistari, na kurasa tano zilinichosha kama kupakia behewa. Tena Ramazani alitaka kusikia. Kila baada ya sindano nilisoma kimoyomoyo, halafu nikamgeuzia kwa Kiswahili. Siku ya kwanza nilipotaka kupita sura ya tatu, ya mkunga, alinizuia kwa mkono.

"Unaruka unaenda wapi? Si tuko na sindano ya siku mingi. Soma."

Nikasoma. Nilikuwa nakumbuka kitabu cha kuchosha, na kweli kilikuwa kinakwenda polepole, lakini sasa ule mwendo ulinifaa. Mkunga alimweleza binti jinsi bibi wa majivu alivyomchotea maji miezi yote aliyovunjika mguu. Mwokaji mikate alisema bibi huyo ndiye aliyempa mtoto wake chumvi. Kila nyumba ilikuwa na neno jema juu yake, limewekwa katikati ya habari za supu na soksi, na mimi nilikuwa nimeyaruka yote. Nilianza kusoma kwa sauti ndogo. Ramazani alidhani nimechoka.

Sura ya saba aliniambia ninyamaze kidogo. Alikuwa anafikiri.

"Uyu binti," alisema. "Moto unakufa nyuma ya ye kupita. Kwa mwokaji alipita. Kwa mkunga alipita."

"Anapita kuuliza maulizo, Tata."

"Eyo. Na taa yake mu mukono. Mi, mafuta ikimwangika njia yote toka hapa mpaka Dilolo, natazama kwanza chini ya kamyo yangu."

Nilimcheka. Nilimwambia mimi kitabu hiki nakijua tangu utotoni. Akaniambia basi endelea, tutaona.

Tulifika mwisho mwezi wa kumi na mbili, mvua ikipiga mabati hata ikanibidi nipaze sauti. Ramazani alikuwa amepatia. Taa ya binti ndiyo iliyokuwa inakunywa mioto. Aliirithi bila kujua ilivyo, na kila nyumba aliyoingia kwa nia njema aliiacha baridi. Bibi wa majivu hakuiba hata cheche moja. Binti anasimama uwanjani, anafungua taa mbele ya watu wote, na mioto inarudi kila mmoja kwao. Halafu anakwenda kulala. Basi.

"Na ule mama wa majivu?" Ramazani aliuliza.

Nilifunua kurasa nyuma na mbele. "Alishukaka ku bonde. Hakiseme tena."

"Habakumurudisha?"

"Hakiseme."

"Uyu mwenye kuandika alimusahau," alisema, akageukia ukutani.

Mchana ule sikula. Nilijiambia ni kitabu tu, tena cha watoto. Lakini nilijua vizuri kwamba nani amesahauliwa si swali la kitabu peke yake, na niliona aibu ambayo homa yote ya miezi ile haikuwahi kunipa.

Siku ya tatu yake Mujinga alikuja na habari. Aliliweka bakuli chini, akakaa karibu yangu, uso wake uking'aa kwa jambo analolijua yeye kwanza.

"Tata Monga," aliniambia, maana binti yetu mkubwa ni Monga, "shangazi yako eko mugonjwa kule Fungurume. Eko anakohola damu. Unaona? Weye unapona, na buloji bumemurudilia mwenyewe."

Hivyo ndivyo watu wote mtaani walivyoelewa. Mgonjwa anapona, aliyefukuzwa anaugua ugonjwa uleule, ushahidi gani mwingine unatakiwa? Nami nilikuwa natazama mdomo wa mke wangu unavyosema na kusikia kalamu ya Tata Kalala ikiandika. Nani alianza kukohoa? Ni mimi. Nilikohoa toka mwezi wa sita katika nyumba yenye madirisha yaliyofungwa, na aliyekaa karibu yangu kuliko wote, kila jioni, akingoja nimalize kikombe ili akioshe, alikuwa Shangazi.

"Ni mi nilimupatia," nilisema.

"Nini?"

"Tebese. Nilimupatia mi."

Mujinga alisimama. Alisema dawa zimenipanda kichwani, alisema ninamtetea mchawi mbele ya baba wa watoto wake, yaani mimi mwenyewe, na angesema mengi zaidi kama Tata Kalala asingeingia. Juma zima hakuja. Chakula alimtuma jirani. Nakwambia hili kwa sababu vitabu vya hospitali havisemi: ugonjwa huu unaumiza kifua cha mmoja na unaipasua nyumba nzima, na wakati mwingine utakuwa na haki na bado utalala peke yako.

Nilimuuliza Tata Kalala kama inawezekana. Alikuna kidevu. Alisema hakuna mtu anayeweza kuapa nani alimpa nani, lakini yeye mwenyewe angekwenda kumchukua huyo mama kesho, na kama angekuwa mimi angekwenda leo. Lakini ilibidi nimalize sindano kwanza; ya sitini nilichomwa siku ya Jumatano. Makohozi yangu yalikuwa yamesafika. Ijumaa nilipanda treni ya Fungurume na vidonge vyangu mfukoni, mwepesi, bado nikishika vitu ili nisianguke.

Shangazi alikuwa katika chumba cha nyuma, amekaa juu ya mkeka, mabega yametoka kama ya ndege. Mpwa wake alikuwa anamwekea chakula mlangoni na kuondoka. Wanawake wa soko walikuwa wameacha kupita upande ule. Hakuna aliyempeleka popote, maana nani atampeleka mchawi hospitali kwa uchawi wake mwenyewe?

Nilipiga magoti.

"Shangazi, twende ku hospitali."

"Kama niko muloji, munipeleke ku hospitali ya nini?"

"Hauko muloji. Ni mi nilikuambukiza. Nilikohola mbele, weye nyuma. Hii ugonjwa ilitoka kwangu."

Alinitazama. Alikuwa na macho yale ya kuniuliza nani amevunja chungu, nikiwa mtoto, na jibu tayari analo.

"Ulijua siku ile?"

"Sikujua. Lakini nilijua hauko muloji. Ile nilijua."

Hapo alilia, na mimi nililia. Nimeandika kwamba nitakueleza kosa langu, na ndilo hilo. Tebese haikuwa kosa langu. Kunyamaza kulikuwa kosa langu.

Alikubali kwenda hospitali ya Kolwezi, kwa sharti moja. Akipona, wale wale waliokaa kumhukumu wakae tena, palepale, na mimi niyaseme maneno hayo mbele yao. Nilimfikiria Kasongo. Niliitika.

Alipimwa, akakutwa na tebese, akalazwa. Hospitali zetu, kama unavyojua, hazimpikii mgonjwa chakula. Lazima jamaa mmoja awe garde-malade, awashe babula uani, apike, afue, na huyo huwa mwanamke siku zote. Mujinga alikataa katakata. Nilikuwa nimerudi kazini, kwa hiyo kila jioni mimi mwenyewe nilikaa uani kati ya wamama kumi na watano na sufuria yangu. Walicheka mpaka wakashikana. Bukari yangu ilikuwa na mabonge, na mmoja aliniuliza kama ninapika au ninajenga. Shangazi aliila yote, na akishamaliza aliomba maji mengi.

Siku ya kumi na moja nilikuwa nimeinama juu ya moshi nikaona miguu ya mke wangu. Alikuwa na sombe katika bakuli lililofungwa kitambaa. Alisimama akitazama ninavyokoroga. Halafu alininyang'anya mwiko.

"Unaharibu bunga," alisema.

Alikuja kila siku, na juma lililofuata nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda akimsuka Shangazi nywele, ambazo zilikuwa zimeanza kukatika kwa udhaifu.

Jioni, wakati Shangazi anangoja usingizi, nilimsomea kile kitabu, kwa Kiswahili, toka ukurasa wa kwanza. Ilikuwa mara yangu ya tatu. Yeye alipenda hasa zile sura za supu na soksi. Alitaka kujua mkunga alitia nini katika supu, na kitabu kilikuwa kinajibu. Tulipofika mwisho na bibi wa majivu hakurudi, hakukasirika kama Ramazani.

"Labda kule bonde kuko na batu bazuri," alisema. Halafu akaongeza: "Lakini bangeenda kumutafuta."

Vidonge nilivimeza miezi yote kumi. Mwezi wa nne wa vidonge unajisikia mzima kabisa, umenenepa, unapanda ngazi, na ndipo utakapotaka kuviacha. Usiviache. Ramazani alikuwa anapitia gare kila akitoka Dilolo, ananifunulia kiganja chenye vidonge vyake na kungoja nimfunulie changu, na tulivimeza pamoja kwa chai. Yeye pia ni mzima leo, na kamyo yake inamwaga mafuta kama zamani.

Shangazi alimaliza sindano zake mwezi wa pili. Jumapili moja jamaa walikaa sebuleni kwangu, watu walewale, viti vilevile. Kasongo alikaa amekunja mikono. Shangazi alikaa karibu na mlango, mzigo wake pembeni ukiwa haujafunguliwa, kwa kuwa alisema atajua pa kuupeleka baada ya kusikia.

Nilisimama.

"Mwenye kuleta tebese mu hii nyumba ni mi," nilisema. "Nilikohola miezi tatu mbele yake. Shangazi hakunikula. Ni mi nilimupatia ugonjwa, na kisha mulimufukuza, na mi nilinyamaza, na mukono yangu ndiyo ilifunga mizigo yake."

Hakuna aliyekohoa, na katika nyumba yetu hilo lilikuwa jambo geni.

"Rudilia," Shangazi alisema. "Kasongo hasikie muzuri ku sikio moja."

Nilirudia, kwa sauti ya juu, hata majirani waliokuwa wanapepeta mahindi nje walisimamisha nyungo zao. Kasongo alitazama mikono yake. Mmoja wa wazee aliguna tu.

"Bon," Shangazi alisema. "Mujinga, bukari iko wapi? Batu beko na njala."

Mke wangu alileta chakula, halafu akaleta birika na beseni ili watu wanawe. Kwetu anayenawisha ni mdogo wa nyumba, na anaanza kwa mkuu wa ukoo, naye kwetu ni Kasongo, hata mbele ya wazee. Mujinga alianza kumwendea Kasongo. Kasongo aliinuka, akapokea birika na beseni mikononi mwake, akavuka sebule mpaka mlangoni. Alipiga goti moja mbele ya Shangazi, yeye mzee wa miaka hamsini na miwili, akamwagia maji taratibu juu ya mikono yake mpaka Shangazi aliposema yametosha.